Mkono wa shati tayari ni mfuko

Swali: Habari yako fundi. Mimi naishi Lanet, Nakuru, nina msichana wa miaka 9 na mvulana wa miaka 6. Likizo hii nimewatolea gunia la nguo zetu kuukuu wajifunze kushona: fulana, mashati ya shule yaliyowabana, jinzi za baba yao, shuka moja, leso ya nyanya yao na gauni langu la satini. Msichana aliichangamkia satini, tukaanza kushona pochi ya kalamu yenye zipu, kwa mkono. Kingo zilichakaa hapohapo, uzi ukajifunga mafundo, zipu ikakaa upande. Alilia akaitupa nyuma ya kitanda. Je, nimsubiri akue? Ninunue cherehani? Au kuna vitu rahisi zaidi? Na huyu mdogo naye anadai sindano. Mama wa Wawili.

Jibu: Nzuri, Mama wa Wawili. Pole kwa pochi, na binti naye mpe pole zangu. Satini, zipu, na yote kwa mkono! Mimi niko kwenye kazi hii hapa Kisumu miaka mingi, na zipu ya satini bado naishikiza kwanza kwa uzi wa bandi kabla ya kuipitishia mashine, na kuna siku inanishinda nikaifumua nikaanza upya. Umri wa binti hauna tatizo lolote. Mlianzia juu ya mti tu.

Cherehani usinunue. Nitafika huko.

Ningekuwa nimekaa nawe kando ya lile gunia, ningekuomba kwanza usitazame vitambaa, utazame nguo. Wengi wetu tukitaka kutumia nguo kuukuu tunaanza kwa kuikatakata iwe vipande bapa, kama vile tumenunua mita mbili dukani. Halafu tunahangaika kushona upya pindo, kushona upya mfuko, kutoboa upya matundu ya vifungo. Kazi hiyo ilishafanywa na fundi mwingine, tena kwa mashine, tena kwa kulipwa. Shati lina pindo zuri. Lina matundu ya vifungo, na tundu moja tu kwa mkono wa mtoto ni machozi ya mchana mzima. Jinzi ina mifuko ya mishono miwili iliyokazwa kwenye pembe. Mtoto anayeanza mwache apokee kazi pale fundi alipoiachia. Ashone mstari mmoja, apate kitu kizima.

Toa shati la shule la mikono mifupi. Ulaze mkono mmoja mezani, upige mstari ulionyooka kwa rula na chaki chini kidogo ya kwapa, kwa sababu sehemu ya juu ya mkono ina mzingo ambao hatuutaki, kisha ukate. Umebaki na bomba la kitambaa. Upande mmoja una pindo la sentimita 2 hivi, upande wa pili uko wazi. Ligeuze ndani nje, binti afunge ule upande ulio wazi kwa mshono mmoja, sentimita 1 kutoka ukingoni, kisha aligeuze tena. Huo ni mfuko. Na lile pindo la juu ndiyo njia ya kamba: pale mshono wa kwapa unapopita juu ya pindo, fumua mishono mitatu minne ya tabaka la nje tu, upate kitundu. Kamba ni kipande cha fulana. Kata ukanda wa upana wa sentimita 2 kuzunguka tumbo la fulana, uuvute kwa nguvu, nao utajikunja wenyewe ukawa mviringo kama kamba ya kiatu. Ufunge kwenye pini ya nepi, uupitishe kwenye njia hadi utokee ulikoingilia, ufunge fundo. Mdogo wake ana mahali pa kuwekea bano zake, yaani gololi za kuchezea, na shati lina mkono wa pili, kwa hiyo hakuna ugomvi.

Mshono wenyewe ndio unaohitaji uvumilivu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Uzi wenu ulijifunga mafundo kwa sababu ulikuwa mrefu. Najua bila kuuona, maana kila mama hufanya hivyo ili asiitwe kila dakika kutunga sindano. Pima uzi kwa mkono wa mtoto mwenyewe, kutoka ncha ya kidole hadi kwenye kiwiko. Kata mara mbili ya urefu huo, utunge, ukutanishe ncha mbili na upige fundo moja, ili sindano isiwe inachomoka kila akivuta. Kisha upitishe huo uzi juu ya mshumaa mara mbili. Nta inaulainisha na kuzishika nyuzi mbili pamoja. Na kila baada ya mishono kumi aachilie sindano ining'inie hewani ijizungushe, kwa kuwa vidole vya mtoto huipindua sindano kila anapoichoma, na ule msokoto ndio unaogeuka kuwa fundo. Watoto wanaipenda sana hatua hii. Mwache aitazame ikizunguka.

Mpigie vitone kwa kalamu na rula, kila nusu sentimita, kwenye mstari wa kushona. Sindano iingie kwenye kitone, itoke kwenye kitone. Bandi, yaani kuingia na kutoka mbele kwa mbele, ndiyo rahisi zaidi, lakini ukijaza mfuko bano, bandi inafunguka mapengo. Kwa mfuko afanye mshono wa kurudi nyuma: anatokea kitone cha pili, anarudi kuingia cha kwanza, anapita chini na kutokea cha tatu, anarudi cha pili. Mwambie ni kama mtu anayetembea akirudi kuchukua kiatu alichoacha. Mishono kumi ya kwanza itakuwa imelewa. Ya mwisho itakuwa imenyooka kuliko unavyotarajia.

Nakuomba jambo moja hapa. Usimsahihishie usiku akiwa amelala. Nimeona wamama wazuri wakifumua mshono wa mtoto na kuushona upya vizuri, asubuhi mtoto anautazama mfuko na hasemi kitu. Anajua si wake.

Sasa gunia lenyewe. Shangazi yangu alifanya kazi Kicomi, kiwanda cha nguo cha hapa Kisumu, kabla hakijafungwa. Yeye alikuwa akikishika kitambaa kwa vidole viwili, anakisugua, na kukwambia ni pamba au ni nailoni kabla hujamaliza kuuliza. Sisi wengine tunahitaji kiberiti. Wewe, si watoto, chomoa nyuzi chache ukingoni, uzishike kwa koleo juu ya sinki, uziwashe. Pamba inawaka kama karatasi, inanuka karatasi, inaacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuacha shanga ngumu nyeusi. Mashati mengi ya shule ni mchanganyiko wa vyote viwili, na kwa mtoto mchanganyiko huo unafaa kabisa: hauchakai haraka, haujikunji sana, na sindano inapita.

Satini ni hadithi nyingine. Inang'aa kwa sababu imefumwa kwa nyuzi zinazoruka juu ya nyingine kadhaa kabla ya kushikwa, na hilohilo ndilo linaloifanya iteleze mezani na kumwaga nyuzi pale unapoikata. Irudishe kabatini.

Shuka, kama ni ya pamba, ni hazina. Ikate kidogo ukingoni kwa mkasi kisha uichane kwa mikono miwili, itapasuka moja kwa moja kufuata uzi wake, imenyooka kuliko mkasi wangu. Wape watoto kazi hiyo. Mlio wake peke yake unatosha kuwa mchezo. Ila ikipasuka kirahisi mno, kwa sauti ya karatasi kavu, imeoza, haitashika mshono. Kata kwenye kingo ambako haikulaliwa sana, katikati itumie kupangusia.

Fulana haichakai ukingoni ukiikata, lakini inanyumbuka, na mtoto akivuta uzi kwa nguvu ukingo wote unajikusanya kama marinda. Kwa hiyo fulana nzuri ni zile kazi za kukata na kufunga. Jinzi ni nzito. Mpe sehemu ya nyuma ya paja, ambako haijachakaa, na asipite juu ya mshono mnene wa kando, maana hapo hata sindano ya mashine huvunjika. Kama ana kastabini ya kidole, vyema.

Na leso. Kabla hujaikata, muulize mwenyewe. Nikiwa na miaka 8 nilikata leso ya mama yangu nimshonee mwana sesere kanga. Niliona kitambaa chekundu tu, sikujua kwamba leso huuzwa doti, mbili mbili, na kwamba niliyoikata ilikuwa na mwenzake kabatini. Sitaeleza yaliyofuata. Nyanya yao akikubali, ikate kwa kufuata michoro yake: pindo linalozunguka ni ukanda mzuri wa kupambia mfuko, na lile jina la maandishi katikati likate zima, lishonwe mbele ya mfuko wa binti. Methali ya nyanya yake itakuwa inakwenda naye shuleni.

Mdogo wa miaka 6 mpe kazi yake halisi, usimpe mabaki ya dada yake. Kata kipande cha boksi cha ukubwa wa daftari, chora samaki (mkiwa na ngege karibu, mchoreni ngege), utoboe matundu kuzunguka mchoro kwa msumari, kila sentimita 1. Sweta iliyochakaa ifumue upate sufu. Sindano iwe ile nene ya sufu, yenye ncha butu na tundu kubwa. Akimaliza samaki wawili, anahamia kwenye kitambaa chenye matundu wazi kama gunia la katani, na baada ya hapo kwenye vifungo. Usimpe shazia ya kushonea magunia, hata kama ni kubwa na inaonekana rahisi kushika. Inatoboa nguo matundu na inatoboa mkono vilevile.

Kifungo ndicho kinachowafurahisha zaidi watoto wa umri huo, kwa sababu kinafanya kitu. Kata mfuko wa nyuma wa jinzi pamoja na kitambaa kilicho chini yake, ukiacha sentimita 1 na nusu kuzunguka. Jinzi itajichakaza kidogo kisha itaacha, na ule mchirizi mweupe ni urembo. Mdogo ashonee kifungo kikubwa cha matundu manne mbele, akiweka njiti ya kiberiti kati ya kifungo na kitambaa. Akimaliza anaichomoa njiti, na kifungo kinabaki na shingo ya kutosha kitanzi kupita. Kitanzi ni kamba ileile ya fulana, ambayo dada yake atamshonea kwa nyuma. Ukining'iniza mifuko mitatu hivi kwenye ukuta wa chumba chao, una mahali pa kalamu, rula na yale makopo ya krayoni. Na hapo ndipo pochi ya kalamu ilipokuwa imejificha tangu mwanzo, bila zipu.

Kama kuna mtu atacheka kwamba mvulana anashona, mpeleke mjini akatazame nani ameketi nyuma ya cherehani kwenye vibaraza vya maduka.

Binti akishapata mkono, wiki ya pili au ya tatu, mpe foronya ya mto. Chukua shati la baba la vifungo. Lifunge vifungo vyote, litandaze, upime mraba wa sentimita 42 kwa mto wa sentimita 40, ule mstari wa vifungo ukiwa katikati, na ukate matabaka mawili kwa pamoja, mbele na mgongo. Geuza vipande nyuso zitazamane. Kabla hajaanza, afungue vifungo viwili, la sivyo atashona pande zote nne akute hana mahali pa kuugeuzia. Anashona kuzunguka, anaugeuza kupitia mlango wa vifungo, anaingiza mto, anafunga. Lakini jiandae. Pande nne za sentimita 40 ni sentimita 160 za mshono, na kwa nusu sentimita kila hatua ni mishono zaidi ya 300. Hiyo si kazi ya mchana mmoja. Upande mmoja kwa siku, na siku ya nne waliokuja kutembea wanaonyeshwa. Na kwa kuwa huna haja ya kumwashia pasi ya makaa, mshono aukandamize kwa mgongo wa kijiko, utalala vizuri tu.

Fulana kubwa ni mfuko wa sokoni. Kata mikono, kata shingo kwa kufuata sahani, na mabega yanakuwa vishikio. Chini, watu hukata vishada vya sentimita 2 kwa upana na 8 kwa urefu, mbele na nyuma pamoja, kisha hufunga cha mbele na cha nyuma yake. Inapendeza na haihitaji sindano. Ila kati ya fundo na fundo kuna tundu, na limau la kwanza litakuonyesha lilipo. Kama ni mfuko wa kutumwa dukani, afadhali aigeuze fulana na kushona chini mshono wa kurudi nyuma mara mbili, asivute uzi kwa nguvu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku nchini Agosti 2017, mtoto anayetumwa na mfuko aliojishonea anajidai kweli. Hapa Kibuye siku za Jumapili, soko likifurika hadi barabarani, nimewaona wakiubeba mtupu begani kwenda na kurudi.

Kuhusu usalama, nina kanuni moja na siilegezi: sindano huhesabiwa. Zimetoka tatu, zirudi tatu, na hakuna anayeinuka mkekani kabla hazijatimia. Sumaku ya spika iliyoharibika inazipata zikianguka. Vifungo, bano na maharagwe ya kujazia vifuko vya kurusha viwe mbali na mtoto yeyote anayetambaa, hata wa jirani aliyekuja kwa dakika tano. Watoto wanapenda kufumua, lakini si kwa wembe kama tunavyofanya sisi mafundi. Wape mkasi mdogo wa ncha butu.

Cherehani sasa. Ya umeme inakimbia kuliko mawazo ya mtoto wa miaka 9, na kidole huwa karibu sana na sindano. Ya miguu ni bora, lakini asubiri hadi nyayo zake zote mbili zilale kwenye kanyagio akiwa ameketi sawasawa. Wakati huo ukifika, mtafutie jirani mwenye nayo, na siku ya kwanza aendeshe bila uzi, juu ya karatasi ya daftari yenye mistari, afuate mstari kwa matundu tu. Kazi ya kwanza ni kujua gurudumu linazunguka kuelekea wapi, maana likirudi nyuma uzi unakatika, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani mashine ni mbovu. Pesa uliyokuwa umeiweka kwa cherehani nunua mkasi mmoja mzuri wa nguo, na yeyote atakayekatia karatasi kwa mkasi huo, hata baba yao, aadhibiwe kwa kuosha vyombo.

Nguo zikiisha, pita kwa fundi yeyote jirani saa za jioni anapofagia. Vipande vya vitenge vinavyoanguka chini ya meza huishia kujazia mito. Omba vya pamba, ukubwa wa kiganja kwenda juu, na usione haya, sisi wenyewe tulianzia hapo chini ya meza.

Ile pochi iache nyuma ya kitanda. Usimkumbushe. Akishashona foronya ataitoa mwenyewe na kuitazama kwa dharau. Siku hiyo fumueni zipu pamoja, mwioshe, mwikaushe. Ikate ile satini iwe ndogo kwa sentimita 1 kila upande kuondoa pale palipochakaa, na aizungushie ukingo mishono ya mshazari iliyokaribiana, kila moja ikiushika ukingo wenyewe, ili nyuzi zisitoke tena. Mwana sesere atapata blanketi linalong'aa. Zipu mwekeeni akiba, mniandikie tena akishafika miaka 10.